Daikiri ya embe au pinya kolada: ipi uitengeneze nyumbani, na kwa njia ipi?

Anayetaka kutengeneza kokteli ya ramu na matunda iliyoganda huanza kwa kuuliza anunue ramu gani. Mimi namwomba aanze na swali jingine: baridi ya kinywaji itatoka wapi? Njia ni tatu. Unaweza kusaga barafu pamoja na vitu vingine kwenye blenda. Unaweza kugandisha tunda lenyewe kwanza, ukalisaga likiwa gumu. Au unachanganya kila kitu kikiwa majimaji, unakiweka kwenye friza usiku kucha, kesho yake unakichota kwa kijiko. Vitu vinavyoingia ni vilevile, lakini kila njia inatoa kinywaji cha aina yake. Wengi waliokata tamaa na kokteli za nyumbani walikwama hapo, na chupa ya ramu haikuwa na kosa lolote.

Vinywaji ninavyolinganisha ni viwili, daikiri na pinya kolada, kwa kuwa karibu kila kokteli ya matunda na ramu iliyoganda imezaliwa na kimojawapo. Ukivielewa hivi, vingine utajitungia mwenyewe.

Vilikotoka

Daikiri ni ya Cuba. Daiquirí ni kijiji cha pwani karibu na Santiago de Cuba, eneo lenye machimbo ya chuma, na simulizi inayojulikana zaidi inamtaja Jennings Cox, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi kwenye machimbo hayo mwishoni mwa karne ya 19. Vitu vyake vya asili ni vitatu tu: ramu nyeupe, maji ya ndimu na sukari, vinatikiswa na barafu kisha vinachujwa. Tunda lingine halimo. Daikiri ya kusagwa ilipata jina kwenye baa ya El Floridita mjini Havana, chini ya mkono wa Constantino Ribalaigua, aliyeitengeneza kwa barafu laini sana katika miaka ya 1930. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa mteja wake, naye alitengenezewa ya kwake bila sukari, yenye maji ya balungi na ramu maradufu. Daikiri za embe, stroberi na ndizi ni watoto wa glasi hiyo.

Pinya kolada ni ya Puerto Rico. Hoteli ya Caribe Hilton ya San Juan inasema mhudumu wake wa baa, Ramón Marrero, ndiye aliyeitunga mwaka 1954; mgahawa wa Barrachina, uliomo katika mji huohuo, nao unadai ni yake. Mwaka 1978 Puerto Rico ikaitangaza kuwa kinywaji chake rasmi. Ndani yake mna nanasi, ramu, na tui zito la nazi lililotiwa sukari, ambalo Wapuerto Rico walianza kuliuza kwenye makopo kwa jina la Coco López. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja akisoma orodha hiyo anaona kwamba nazi na nanasi viko sokoni kwake mwaka mzima, na kwamba tui analijua kuliko kiwanda chochote.

Ndimu upande huu, mafuta ya nazi upande ule

Tofauti kubwa ya vinywaji hivi ni kile kinachovibeba. Daikiri inabebwa na ukali wa ndimu. Kolada inabebwa na mafuta ya tui. Ukilijua hilo, utajua kipi kinakufaa na kipi kitakusumbua.

Daikiri inasamehe. Ukionja ukakuta imekuwa kali, ongeza shira. Ikiwa tamu mno, kamua nusu ndimu. Marekebisho yote yanafanyika ndani ya blenda kwa sekunde kumi. Inaburudisha zaidi mchana wa joto, inanyweka baada ya chakula chenye mafuta, biriani au mishikaki, na haishibishi.

Kolada inashibisha. Glasi moja baada ya chakula kizito inamtosha mtu, na wengine hawaimalizi. Naipenda jioni, kabla ya chakula, au mahali pa kitindamlo. Lakini ina mtego ambao vitabu vya kigeni havitaji, kwa kuwa waandishi wake wanatumia tui la kopo lililokwisha kuchanganywa viwandani. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Ukimimina tui bichi, ulilolikamua sasa hivi, moja kwa moja juu ya barafu, mafuta yanajitenga na kuganda kabla hayajachanganyika. Utayaona: punje nyeupe ndogondogo zinazong'ang'ania kwenye ukuta wa glasi, na ukinywa zinabaki kwenye midomo zikiteleza kwa mafuta. Ladha bado ipo, ila raha imeondoka.

Dawa yake ni kulitayarisha tui mapema. Ikune nazi moja, tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja, chukua tui la kwanza tu. Pima kama 200 ml, weka kwenye sufuria na sukari 120 g na chembe ya chumvi. Pasha moto mdogo huku ukikoroga upande mmoja mpaka sukari iyeyuke, basi. Usiliache lichemke, maana likikatika halirudi. Likipoa liweke kwenye friji, litakaa siku mbili au tatu vizuri. Siku ya kutengeneza, litoe nje lilainike, kisha lisage na nanasi na ramu kwanza, peke yake, nusu dakika, ndipo uingize vitu vya baridi. Mafuta yakishashikana na maji ya nanasi hayatoi punje tena.

Tui la boksi au la kopo lisilo na sukari linafaa kwa hatua hizohizo. Soma kibandiko, kwa sababu mengine yana maji mengi. Litikise kopo kabla ya kununua, likisikika linachurukachuruka, liache dukani.

Njia ya kwanza: barafu

Hii ndiyo njia ya baa. Baa ina blenda yenye nguvu na mashine inayotoa barafu ndogondogo, kwa hiyo mhudumu anasaga sekunde ishirini na kukupa glasi. Nyumbani mambo ni mengine. Vipande vya barafu vya trei ni vikubwa na vigumu, blenda ndogo inalia, visu vinazunguka hewani chini huku barafu imekwama juu, na kinachotoka ni maji yenye mawe. Kijitabu kilichokuja na blenda yako kitakuambia kama inaruhusiwa kusaga barafu. Nyingi za bei ya chini haziruhusiwi. Ikiwa huna kijitabu, funga barafu kwenye kitambaa safi kizito, iponde kwa mchi mpaka iwe vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, ndipo uitie.

Shida ya pili ya barafu ni kwamba ni maji. Gramu 200 za barafu ndani ya glasi ni maji 200 ml yatakayoingia kwenye ladha, upende usipende. Daikiri ya kutikiswa, kwa kipimo cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, ni ramu 60 ml, maji ya ndimu 20 ml na vijiko viwili vidogo vya sukari laini. Ukikisaga kipimo hicho na barafu, utapata kitu kilichopooza. Kwa kusaga, mimi hutia ramu 60 ml, ndimu 30 ml, shira 30 ml na barafu 200 g. Shira ninayoisema ni nyepesi, sukari na maji sawa kwa sawa, inayopashwa moto mpaka iwe maji maangavu kisha ikapozwa. Ile nzito ya kaimati itaganda chini ya blenda. Usiogope wingi wa sukari. Ulimi uliopoa hausikii utamu sawasawa, kwa hiyo mchanganyiko ukionjwa kabla ya kuganda unatakiwa uwe mtamu kupita unavyopenda.

Nani achague barafu? Anayetaka daikiri ya ndimu tupu, ile ya Havana, isiyo na tunda. Hapo hakuna njia nyingine inayoifikia kwa weupe na wepesi. Kwa kolada ya tui la nyumbani, barafu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ya zile punje nilizozieleza.

Neno moja la usafi, na nalisema kwa uzito: maji ya kutengenezea barafu yawe yamechemshwa au ya chupa. Kugandisha hakuui vijidudu vya tumbo, na ramu ikishachanganywa na kila kitu ndani ya glasi haina nguvu ya kuviua. Barafu ya kununua iulize imetengenezwa kwa maji gani. Ile ya kupozea samaki usiikaribishe kwenye glasi.

Njia ya pili: kugandisha tunda

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Embe lililoiva lina maji zaidi ya asilimia 80, nanasi vilevile; ukiyagandisha umepata barafu yenye ladha, isiyopunguza chochote kwenye glasi. Kinywaji kinatoka kizito, laini, chenye rangi ya tunda lenyewe. Blenda haiteseki sana, maana tunda lililoganda lina sukari ndani yake na ni laini kuliko barafu tupu.

Kata vipande vya ukubwa wa inchi moja, vipange juu ya sinia visigusane, viache kwenye friza usiku kucha. Vikishakuwa vigumu ndipo uvikusanye kwenye mfuko. Ukivirundika vikiwa vibichi utapata jiwe moja ambalo hata mchi litausumbua. Msimu wa maembe ukipamba moto, gandisha ya kutosha; yatakaa miezi mitatu bila kupoteza ladha ya maana, nawe utakunywa daikiri ya embe wakati sokoni hakuna hata moja.

Kipimo cha glasi moja kubwa ya daikiri ya embe: embe lililogandishwa 150 g, ramu 50 ml, maji ya ndimu 20 ml, shira 15 ml, na barafu iliyopondwa kiganja kimoja ili kinywaji kisiwe kizito mno. Kwa kolada: nanasi lililogandishwa 150 g, ramu 50 ml, tui lako la sukari 45 ml, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Ndimu kwenye kolada si ya asili, najua. Naitia kwa sababu bila hiyo tui linafunika nanasi.

Utaratibu wa kuingiza vitu una maana kubwa. Vya majimaji vitangulie chini, vipate kuzungusha visu. Tunda lifuate, barafu mwisho. Washa na uzime mara kadhaa kwanza, ndipo uache isage mfululizo. Ikigoma, zima, koroga kwa mwiko, jaribu tena. Usikimbilie kuongeza maji, na ukibanwa ongeza kijiko kimoja tu cha juisi ya tunda hilohilo. Utajua imefika ukiona duara la kuzama katikati ya mzunguko na juu hakuna kipande kinachorukaruka. Ukimimina, kinywaji kitoke kwa uzito wa uji, kikiinua kilima kidogo katikati ya glasi ambacho kinashuka taratibu. Kisiposhuka kabisa, ongeza ramu kijiko kimoja. Kikitandaa mara moja, ongeza tunda.

Chupa ya ramu nayo iweke kwenye friza tangu asubuhi. Ramu ya asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, inapoa tu na kuwa nzito kidogo, na ikiingia kwenye blenda haitayeyusha tunda. Jambo hili dogo linaokoa blenda dhaifu kuliko hila nyingine zote.

Njia ya tatu: friza usiku kucha, bila blenda wakati wa kunywa

Njia hii inategemea ukweli uleule kwamba pombe inakataa kuganda. Maji yenye sukari na kiasi cha pombe, yakikaa kwenye friza, yanaganda nusu: chembe za barafu zinaelea ndani ya maji matamu yasiyoganda. Pombe ikiwa chache mno unapata jiwe. Ikizidi, unapata juisi baridi. Mchanganyiko wenye pombe kama asilimia 8 na sukari ya kutosha unachoteka kwa kijiko.

Kwa watu watano au sita: rojo la embe lililosagwa na kuchujwa 350 ml, ramu 150 ml, maji ya ndimu 70 ml, shira 80 ml, maji safi 100 ml. Jumla ni 750 ml. Ramu ya asilimia 40 ikiwa 150 ml ina pombe halisi 60 ml, na 60 ndani ya 750 ndiyo asilimia 8. Hesabu hii ikumbuke, maana ndiyo itakayokuwezesha kupanga kipimo chako mwenyewe kwa tunda lolote. Mimina kwenye chombo kipana cha plastiki au mfuko wenye zipu, usijaze hadi juu, na kamwe usitumie chupa ya kioo iliyojaa, kwani maji yakiganda yanatanuka. Baada ya saa tatu koroga kwa uma, au kanda mfuko kwa nje, halafu rudia kabla ya kulala. Kesho jioni itakuwa tayari.

Ukilinganisha na njia ya pili, kinywaji hiki kina chembechembe zaidi na ulaini kidogo. Faida yake ni utulivu. Wageni wameshafika, saa moja usiku umeme unakatika, wewe unatoa chombo na kijiko. Friza isiyofunguliwafunguliwa inashika baridi kwa saa kadhaa. Kelele za blenda hakuna, na mwenye nyumba anakaa na watu wake. Kwa karamu ya watu zaidi ya wanne, usibishane nami, tumia hii.

Daikiri inaikubali njia hii vizuri sana. Kolada inaikubali kwa shida: tui linapanda juu na kuganda utando. Ukilazimika, litumie lile lililopashwa na sukari, ulisage vizuri na vitu vyote kabla ya kugandisha, na uongeze mara za kukoroga.

Matunda

Embe ndilo mfalme wa daikiri. Chagua lisilo na nyuzi. Ngowe na embe apple ni mazuri mno, na boribo likiwa limeiva sawasawa lina harufu inayopenya hata baridi. Maembe madogo ya nyuzi yana ladha kali ya kupendeza, ila yasage na kuyapitisha kwenye chujio kwanza, halafu gandisha rojo lake kwenye trei za barafu. Jaribio la kuiva ni pua: nusa karibu na kikonyo. Lisilonukia likiwa la moto halitanukia likiwa la baridi.

Nanasi linataka subira ya kuiva. Toa moyo wake, ni mgumu na hauna utamu. Wakazi wa Dar es Salaam wanaoletewa mananasi ya Kiwangwa hawana haja ya kutafuta jingine. Ukitia maziwa ya ng'ombe badala ya tui, kama wanavyofanya baadhi ya watu ili kupunguza gharama, kinywe upesi, kwa kuwa nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na baada ya muda kinywaji kinakuwa kichungu.

Pasheni ina ukali wake tayari, kwa hiyo punguza ndimu kwa nusu. Ichuje kabla ya kuisaga. Mbegu zikivunjwavunjwa zinatia uchungu na vidonge vyeusi. Peke yake haina mwili wa kutosha kutoa kinywaji kizito. Igandishe kwenye trei kisha uichanganye na embe, vipande viwili vya pasheni kwa kila 150 g za embe, na hapo utakuwa na daikiri ninayoiweka juu ya zote nilizozitaja.

Ndizi mbivu iliyogandishwa inatoa ulaini wa ajabu, ila itie ndimu mapema isibadilike rangi. Stroberi ni nzuri kwa rangi, inataka shira zaidi. Papai halina ukali, na tikitimaji ni maji matupu; yaache kwa ajili ya juisi.

Ramu

Ramu nyeupe ndiyo ya daikiri. Ni nyepesi na inaiachia ndimu nafasi yake. Ramu ya dhahabu, iliyokaa kwenye mapipa, inaendana na embe lililoiva sana, ndizi na nanasi. Kwenye kolada mimi huchanganya: 40 ml nyeupe ndani ya blenda, kisha 10 ml nyeusi juu ya glasi bila kukoroga, ikae pale inukie. Ramu zenye viungo zina vanila na sukari tayari, kwa hiyo punguza shira. Kwenye daikiri ya ndimu zinaharibu.

Huna sababu ya kununua ramu ghali iliyozeeka miaka mingi. Baridi inaficha harufu zile ulizolipia. Ya bei ya kati, chupa iliyofungwa, yenye stempu ya kodi, kutoka duka unaloliamini, inatosha. Pombe kali ya kumiminiwa kutoka kwenye chombo kisicho na kibandiko usiitumie hata ukipewa bure. Pombe chafu inaua na kupofusha, na utamu wa embe hautakuonya. Kenya Cane, iliyotengenezwa kwa miwa, inafanya kazi vizuri kwenye daikiri ya matunda. Konyagi na Uganda Waragi zina harufu inayoelekea jini. Si ramu, ingawa Konyagi na pasheni vinapatana.

Kishawishi cha kuongeza ramu kitakujia, hasa wageni wakisema hawaisikii. Kikatae kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya blenda: ukitia 120 ml mahali pa 50, tunda lote linayeyuka na glasi inakuwa maji. Ya pili ni ya mnywaji. Ramu 60 ml ya asilimia 40 ina pombe halisi 24 ml, zaidi kidogo ya chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.5. Baridi na utamu vinaificha, mtu anakunywa tatu ndani ya saa moja akidhani ni juisi. Pima kwa kipimo cha toti, usikadirie kwa jicho, na anayeendesha gari mpe ile isiyo na ramu.

Wasiokunywa pombe

Nyumba nyingi zetu zina wanywaji na wasiokunywa kwenye meza moja, na hili libadilishe uamuzi wako kuliko ladha. Njia ya pili ndiyo inayofaa: saga tunda lililogandishwa, ndimu, shira na maji baridi 50 ml mahali pa ramu. Tengeneza glasi za wasiokunywa kwanza, blenda ikiwa safi kabisa, ziweke upande wake, na vyombo vyao viwe mbali. Wengine kwa imani yao hawataki hata chombo kilichoguswa na pombe, nao wana haki ya kuuliza na kujibiwa kweli. Njia ya tatu haiwafai, kwa sababu bila pombe mchanganyiko unaganda jiwe zima. Ukiwa umeshagandisha hivyo, acha nje dakika ishirini, ukwangue kwa uma.

Kolada isiyo na ramu, kwa maoni yangu, inapoteza kidogo sana. Tui na nanasi vinajitosheleza, watoto wanaipenda, na wazee nao. Daikiri isiyo na ramu inabaki kuwa juisi nzuri ya embe na ndimu. Kwa hiyo ikiwa nusu ya wageni wako hawanywi na una blenda ya kutegemewa, chagua kolada, saga jagi zima bila ramu, na kila anayetaka aongezewe toti yake kwenye glasi na kukorogewa.

Ukiwa na blenda dhaifu na wageni wawili, chagua daikiri ya embe lililogandishwa. Ukitaka kujaribu kwa mara ya kwanza peke yako, anza na hiyohiyo, kwa kuwa makosa yake yanarekebishika. Kolada iache mpaka siku utakapokuwa na nafasi ya kukuna nazi.

Kinachobaki, kirudishe kwenye friza kikiwa kimefunikwa. Daikiri utaikuta kesho imeganda nusu. Iponde kwa uma dakika mbili, ongeza maji kidogo ya ndimu mbichi, itanyweka vizuri. Kolada itakuwa imeganda zaidi, na tui limepanda juu. Isage upya na vipande vichache vya nanasi, au ile kwa kijiko.